Maua ya Vyunguni Kisiwani Wasini: Asumini, Mrehani na Ua la Tunguu Bila Kumaliza Maji ya Nyumba

Somo hili linawahusu hasa wakaazi wa vijiji vya Wasini na Mkwiro, lakini wenzetu wa Shimoni, Vanga, Gazi na Msambweni nao watapata la kuchukua. Ukilisoma hadi mwisho utajua namna ya kuandaa chungu na udongo, kupanda maua matatu yanayofaa pwani yetu, na kuyanywesha wakati wa kiangazi bila kugusa maji ya kunywa.

Maua kwetu yana kazi. Asumini hutungwa koja la bibi harusi. Mrehani huungana na asumini katika kikuba. Siku ya Idi nyumba hunukia, na nguo za sandukuni huwekewa maua. Mwenye mti wa asumini uani hugongewa hodi na majirani kila panapokuwa na harusi. Aidha, wageni wanaovuka kutoka Shimoni kuja kutembea kwenye bustani ya matumbawe, ile yenye njia ya mbao inayoendeshwa na wanawake wa Wasini, hupita mbele ya nyumba zetu. Baraza lenye maua huwavutia wasimame.

Basi kwa nini nyumba nyingi hazina hata chungu kimoja? Jibu linajulikana na kila mtu: maji.

KISIWA CHETU NA UDONGO WAKE

Wasini ni mwamba wa matumbawe ya kale. Udongo juu yake ni mwembamba, na mahali pengine jembe hugonga jiwe kabla ya kufika kina cha shubiri moja. Kisiwa hakina mto, na maji ya visima vingi yana chumvi. Kwa miaka mingi watu wameishi kwa maji ya mvua yanayokingwa kutoka mapaani na kuwekwa katika mabirika, na kwa madumu yanayovushwa kwa mashua.

Hali hii inatupa sababu mbili za kutumia vyungu badala ya kupanda ardhini. Kwanza, chungu hukupa udongo unaouchagua mwenyewe. Udongo wa mwamba wa matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huzuia mmea kupata madini ya chuma. Ndiyo maana asumini iliyopandwa juu ya mwamba mara nyingi huwa na majani ya manjano yenye mishipa ya kijani. Pili, maji unayotia kwenye chungu hubaki pale mizizi ilipo. Maji unayomwaga juu ya mwamba hupotelea nyufani.

HESABU YA MAJI KABLA YA KUPANDA

Usianze na mbegu. Anza na hesabu.

Chungu cha lita 20 chenye asumini iliyokua huhitaji takribani lita moja ya maji kwa siku wakati wa jua kali la kaskazi. Tuseme umeweka vyungu sita. Hizo ni lita 6 kwa siku. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi ni siku 90, yaani lita 540, sawa na madumu 27 ya lita 20. Hakuna mama anayeweza kutoa madumu 27 ya maji ya kunywa kwa ajili ya maua, na hatumshauri yeyote afanye hivyo. Maji ya maua yatoke kwingine:

1. Maji ya udhu. Hayana sabuni wala chumvi. Mtu anayetawadha kwa kopo la lita moja hutumia lita 5 kwa sala tano. Weka karai au beseni pana mahali pa kutawadhia nyumbani. Watu wawili tu wakikinga maji yao, unapata lita 10 kwa siku, na vyungu vyako sita vinataka lita 6.

2. Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda. Yatumie siku hiyo hiyo kabla hayajachacha.

3. Maji ya paa la makuti. Maji haya hutoka na rangi ya chai na hayafai kunywewa, lakini mimea haina shida nayo. Weka pipa chini ya ukingo wa paa la jiko au banda.

4. Maji ya mvua ya kwanza kutoka paa la bati. Mvua ya mwanzo baada ya kiangazi husafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Wengi huyamwaga yasiingie birikani. Yaelekeze kwenye pipa la maua.

Ukitaka kujua paa lako linaweza kukupa maji kiasi gani, kumbuka kanuni hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 6 kwa mita 5 ni mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 20 italeta lita 600. Toa sehemu moja ya tano kwa maji yanayomwagika na kurukia nje, unabaki na lita 480, yaani madumu 24. Hiyo ni mvua ya siku moja tu ya masika.

Maji mawili usiyatumie kamwe: maji ya kisima chenye chumvi na maji ya kufulia. Chumvi ya kisima na ya sabuni hubaki kwenye udongo wa chungu baada ya maji kukauka, na kila siku huongezeka. Dalili zake ni ukoko mweupe juu ya udongo au pembeni mwa chungu, na ncha za majani kuungua na kuwa kahawia.

Kanuni ya jumla ni hii: weka idadi ya vyungu unavyoweza kuvinywesha mwezi wa Februari. Usihesabu vile unavyoweza kuvinywesha mwezi wa Mei.

CHUNGU NA UDONGO

Si lazima ununue chungu. Ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa shingo, debe la mafuta au karai kuukuu vyote vinafaa, mradi ukubwa uwe angalau lita 10 kwa mrehani na lita 20 kwa asumini. Chungu kidogo hukauka kabla ya adhuhuri. Chungu cha udongo hupumua vizuri, lakini hupoteza maji ubavuni. Ndoo ya plastiki hutunza maji zaidi, ila ikiwa nyeusi hupata joto na kuchoma mizizi. Ipake chokaa au rangi nyeupe kwa nje.

Toboa matundu matano chini, kila moja likiwa na upana wa kidole kidogo. Funika matundu kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Usitumie makombe wala vipande vya matumbawe kutoka baharini. Huongeza chokaa na chumvi, na tena ni kosa kuviokota ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti iliyo kusini mwa kisiwa chetu.

Mchanganyiko wa udongo ni huu:

Karai 2 za udongo mwekundu wa shambani.
Karai 1 ya samadi ya mbuzi iliyooza kwa muda usiopungua miezi mitatu.
Karai 1 ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa.

Makumbi hushika maji kama sponji, lakini huwa na chumvi. Yaache nje yanyeshewe na mvua za masika kabla ya kuyatumia. Mchanga wa ufuoni na tope la mikoko usivichanganye humo kabisa, kwa kuwa vyote vina chumvi.

Jaza chungu, ukiacha nafasi ya vidole viwili kutoka ukingoni ili maji yasimwagike. Ukishapanda, tandaza juu ya udongo majani makavu au makumbi, unene wa vidole viwili. Matandazo haya huukinga udongo na jua, na hivyo maji hukauka polepole.

UA LA KWANZA: ASUMINI

Asumini hupandwa kwa kipandikizi. Omba kwa jirani mwenye mti mzuri, wakati wa kuanza kwa masika au vuli.

1. Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu kama kuni. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya pingili.
2. Ondoa majani ya chini, acha mawili au manne ya juu. Kama kuna maua au vichomozo vya maua, vitoe.
3. Chomeka nusu ya kipandikizi katika udongo wenye unyevu.
4. Funika kwa chupa ya plastiki isiyo na rangi iliyokatwa kitako, kisha weka kivulini. Fungua kizibo kila asubuhi kwa muda mfupi ili hewa iingie.
5. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 6. Ukivuta taratibu na kipandikizi kikakataa, kimeshika. Ondoa chupa, kiache wiki moja zaidi kivulini, kisha kihamishie kwenye chungu cha lita 20.

Asumini hutaka jua la asubuhi. Mahali pazuri ni upande wa mashariki wa nyumba, ambapo jua la alasiri halifiki. Wakati wa kusi, upepo wa baharini hubeba chumvi, kwa hivyo kiweke chungu nyuma ya ukuta upande usiopigwa na upepo.

Maua ya asumini hutoka kwenye machipukizi mapya. Usipopogoa, mti huwa mrefu, mtupu chini, na wenye maua machache. Kila baada ya msimu wa maua, kata theluthi moja ya urefu wa kila tawi. Kisha uulishe kwa maji ya samadi: loweka kopo moja la samadi iliyooza ndani ya ndoo ya lita 10 kwa siku mbili, koroga, mimina lita moja kwa kila chungu. Rudia kila wiki tatu wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi usilishe, kwa sababu mmea hupumzika na mbolea itaungua mizizini.

Maua huchumwa alasiri yakiwa bado yamefumba, meupe na yaliyojaa. Yatungeni yakiwa hivyo, na yafungeni katika kitambaa chenye unyevu. Usiku yatafunuka yenyewe na harufu itajaa nyumba. Ukichuma asubuhi maua yaliyokwisha kufunuka, hayatafika jioni.

UA LA PILI: MREHANI

Mrehani huleta faida haraka. Nyunyiza mbegu juu ya udongo wenye unyevu, funika kwa udongo mwembamba tu, na zitaota baada ya siku 5 hadi 10. Miche ikifika kimo cha kidole, punguza ibaki mitatu kwa chungu cha lita 10.

Mmea ukifika sentimita 15, kata ncha. Chini ya pale ulipokata yatatoka matawi mawili. Ukikata na hayo, utapata manne. Kukata kwa ajili ya kikuba ndiko kunakoufanya mrehani ujaze chungu, kwa hivyo usiuonee huruma. Acha mmea mmoja tu utoe mbegu za msimu ujao, maana mrehani ukishatoa mbegu nguvu zake huisha. Panda upya kila baada ya miezi mitatu ili usikose.

UA LA TATU: UA LA TUNGUU

Jamaa zetu walioko Ulaya, na wageni pia, huwa na ua la manjano wanalolipenda sana katika majira yao ya machipuko. Ni dafodili, ambalo humea kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu. Huko hupandwa vyunguni na kuwekwa mlangoni. Wengine huwaza kuleta matunguu hayo pwani. Ni vyema kujua mambo matatu kabla ya kupoteza pesa.

Kwanza, tunguu la dafodili haliwezi kutoa ua mpaka lipitie baridi ya chini ya nyuzi 9 za Selsiasi kwa wiki 12 au zaidi. Hata usiku wa Julai, Wasini haipati baridi hiyo. Pili, kuliweka ndani ya friji miezi mitatu ni gharama ya umeme kwa ua la siku chache, na ni hatari: tunguu hilo lina sumu, na mpishi anaweza kulikata akidhani ni kitunguu maji. Tatu, mimea na matunguu hayaingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yanakotoka, ili magonjwa yasiingie mashambani mwetu.

Habari njema ni kwamba tuna ndugu yake hapa hapa Afrika. Huenda umeliona lile ua jekundu la mviringo kama mpira, lenye nyuzi nyingi nyembamba, linalochomoza ardhini mvua za masika zinapoanza, wakati mwingine hata kabla majani hayajatoka. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, nalo ni la ukoo mmoja na dafodili. Lenyewe halihitaji baridi. Linachohitaji ni kiangazi.

Ubora wake kwa mtu wa Wasini uko hapo. Tunguu huhifadhi chakula na maji ndani yake. Majani yakishakuwa manjano na kukauka, mmea hulala, na wakati huo haunyweshwi hata kikombe. Miezi ile ambayo asumini inakudai lita moja kila siku, ua hili halikudai kitu. Ukiwa na vyungu sita, fanya viwili vya asumini, viwili vya mrehani na viwili vya matunguu, na mahitaji yako ya Februari yatapungua kwa kiasi kikubwa.

Namna ya kulipanda: chukua chungu chenye upana wa sentimita 20. Panda tunguu shingo yake ikiwa sawa na uso wa udongo, usilizike. Weka kivuli chepesi. Mvua ya kwanza ikinyesha, anza kunywesha kidogo. Ua likishanyauka, endelea kuyanywesha majani, kwa kuwa ndiyo yanayojaza tunguu kwa mwaka ujao. Yakianza kuwa manjano, acha maji na sogeza chungu mahali pakavu. Usilihamishe kila mwaka. Hupenda kubanwa.

Tahadhari mbili. Mmea huu wote una sumu, hasa tunguu. Uweke mbali na watoto wadogo na mbuzi, nawa mikono baada ya kuushika, na usihifadhi matunguu jikoni wala kwenye kapu la vitunguu. Mtu akila, mpeleke hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea. Pia, usilichimbe msituni wala katika hifadhi ya Shimba Hills. Pata vitoto vya tunguu kutoka kwa mwenye nao au kwenye kitalu cha miche.

MBU, WADUDU NA MBUZI

Bustani ya vyungu isiyoangaliwa inaweza kuleta ugonjwa. Mbu anayeeneza homa ya dengi na chikungunya hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba, na sahani ya chini ya chungu humfaa. Magonjwa hayo yote mawili yamewahi kuzuka pwani yetu. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Kwa hivyo, mara moja kila wiki, mwaga maji ya sahani na uisugue kwa brashi, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukingoni na huweza kudumu miezi yakiwa makavu. Njia rahisi zaidi ni kutotumia sahani kabisa. Pipa la maji ya maua lifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa kamba.

Ukiona vidukari au vidung'ata vyeupe kama pamba kwenye shina, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo katika lita moja ya maji, pangusa kwa kitambaa jioni, kisha asubuhi suuza kwa maji safi. Sabuni hii ni ya majani tu, isimiminwe kwenye udongo.

Kwa mbuzi, zungushia vyungu nyavu chakavu za kuvulia kwenye vijiti vinne. Nyavu hizo zikitumika uani, hazitatupwa baharini na kunasa kasa.

KALENDA YA KAZI

Machi mwishoni hadi Aprili: chomeka vipandikizi vya asumini, panda mrehani, toa matunguu nje. Kinga mvua ya kwanza kwa pipa la maua.

Mei hadi Juni: lisha kila wiki tatu. Angalia matundu ya chungu yasizibe. Anika makumbi mvuani kwa matumizi ya baadaye.

Julai hadi Septemba: kinga vyungu na upepo wa kusi. Pangusa majani yenye chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi. Pogoa asumini.

Oktoba hadi Desemba: tumia vuli kupanda mrehani upya na vipandikizi vya pili. Jaza mapipa.

Januari hadi Machi: ongeza matandazo, sogeza vyungu kivulini, nywesha alfajiri au jioni tu. Matunguu yaache yalale.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nyumba yako hukinga lita ngapi za maji ya udhu kwa siku, na zinatosha vyungu vingapi?
2. Majani ya asumini yamekuwa manjano lakini mishipa ni ya kijani. Tatizo ni nini? (Jibu: chokaa. Badilisha udongo wa juu kwa mboji au samadi iliyooza, na tumia maji ya mvua.)
3. Ncha za majani zimeungua na kuna ukoko mweupe. Tatizo ni nini? (Jibu: chumvi. Ikinyesha, acha chungu mvuani maji yapite hadi chini mara kadhaa, kisha acha maji ya kisima.)
4. Sahani ya chungu ilisuguliwa lini mara ya mwisho?

Wiki hii anza na kazi moja: weka karai mahali pa kutawadhia na upime maji kwa siku saba. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia uweke vyungu vingapi. Kwa maswali zaidi kuhusu udongo, miche au wadudu, muone afisa wa kilimo wa wadi yako. Ukiona mtu nyumbani ana homa kali na maumivu ya viungo, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe bila kuchelewa.